Siku Atupele Aliposema Mbele ya Mkwewe

Ukiuliza habari za Atupele pale Katumba Songwe, utaambiwa kwanza habari za kakao yake. Watu wengi wakishavuna hukimbilia kuanika, punje zikakauka nje huku ndani bado mbichi. Yeye huzivundika kwenye majani ya migomba siku sita kamili, anazigeuza kwa mikono yake mwenyewe, na humkuti hata siku moja akipapatika. Wanunuzi wakifika huuliza, "Ya yule mama iko wapi?" Majirani husema ana mkono wa bahati. Bahati gani! Ni uvumilivu, na uvumilivu nao ni kazi kama kulima.

Ukizidi kuuliza, watashusha sauti wakuambie jambo la pili. Huyu mwanamke wa miaka arobaini na minne, tangu aolewe miaka ishirini na miwili iliyopita, hajawahi kumtazama mkwewe usoni wala kutamka neno mbele yake.

Si kwamba waligombana. Ndiyo heshima yenyewe. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani ana kwa ana, hawasemezani, na mke halitaji jina la mkwe hata akiwa peke yake shambani. Siku hizi mambo yamelegea. Wapo wakwe wanaocheza muziki pamoja na wake za watoto wao harusini na picha zao zikazunguka kwenye simu. Lakini kwa mzee Anyisile mila ilikuwa bado ina meno. Mzee akiwa uani, Atupele yuko jikoni. Mmoja akiwa na neno kwa mwenzake, neno linapita kwa mtu wa tatu.

Na Atupele hakuishika mila hiyo kwa woga. Mume wake, Ambwene, alipofariki miaka tisa iliyopita kwa homa ya ini, mdogo wa marehemu aitwaye Ezekiel alianza kupima shamba la kakao kwa hatua, kama mtu anayepima kiwanja. Mzee Anyisile akaita watu, akasema mara moja tu: "Shamba la Ambwene ni la nyumba ya Ambwene. Asilikanyage mtu." Maneno hayo yalimfikia Atupele kwa mdomo wa mtoto wa jirani. Alikaa chini kwenye majani akalia, akatamani kwenda kupiga magoti mbele ya yule mzee amshukuru. Hakuweza. Basi shukrani yake ikawa ni kuishika heshima ile kuliko wanawake wote wa kijiji. Utamcheka? Mcheke, lakini tafuta kwanza mtu anayeweza kushukuru miaka tisa bila kusema kitu.

Hapo ndipo Lucy anapoingia.

Lucy ni mtoto wa Lameck, kitinda mimba wa mzee Anyisile. Alikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili, mwembamba, mwenye kutazama chini. Mama yake, Naomi, mtu wa Matema, alifariki miaka miwili nyuma, na kwao Naomi alibaki bibi mmoja ambaye hatoki kitandani. Baada ya msiba Lameck aliishika chupa, na chupa nayo ikamshika. Alipiga, akavunja, akaomba msamaha, akapiga tena. Siku moja ya Jumanne, saa saba mchana, Lucy alitokea kwa Atupele na begi la shule mgongoni na mdomo umevimba. Hakueleza kitu. Atupele naye hakuuliza. Alimpakulia wali, akamwekea kipande cha samaki mbasa juu ya wali, akarudi kwenye kakao yake ili mtoto ale bila kutazamwa.

Wiki iliyofuata Lameck aliondoka kwenda Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, na simu yake ikawa haipatikani.

Lucy alikaa. Mwezi wa kwanza alilala na viatu vya shule miguuni. Atupele aliliona hilo asubuhi ya kwanza alipoingia kumwamsha, akajifanya hakuona. Mwezi wa pili viatu vilihamia chini ya kitanda. Mwezi wa tatu mtoto alianza kuimba akiosha vyombo, tena kwa sauti mbaya, na Atupele hakuwahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Yeye na Ambwene hawakujaliwa mtoto. Hakuwa mtu wa kujidanganya kwamba Mungu amemletea mbadala. Mtoto si mbadala wa kitu. Lakini alianza kukoka moto mapema ili mtu asiende shule na njaa, na aligundua kwamba anapenda kuamka mapema.

Sasa Ezekiel. Huyu bwana hakuwa shetani, tusimwongezee mkia. Alikuwa mtu wa biashara ya kakao, mwenye ulimi mtamu na haraka ya mambo, na alikuwa na tajiri wake Mbeya ambaye mkewe alitafuta msichana wa kazi. Katika hesabu ya Ezekiel, kila mtu angefaidika: tajiri angepata mtu wa kuosha vyombo, Lucy angepata pa kulala, na yeye angepata jina zuri kwa tajiri. Kuhusu shule alisema, "Akifika huko watamwangalizia." Kila mtu anajua maana ya neno hilo.

Hakuomba ruhusa. Alikwenda shuleni na bodaboda, akasema yeye ni baba mkubwa wa Lucy na kuna dharura ya familia. Mwalimu wa zamu akamruhusu mtoto. Angekataaje? Baba mkubwa ni baba.

Atupele aliletewa habari na wanafunzi wenzake Lucy. Aliacha punje za kakao zimemwagika kwenye turubai, akarukia pikipiki ya kwanza na matope mikononi, akafika stendi ya Kyela na kumkuta Lucy ameketi ndani ya Kosta ya Mbeya, dirishani, begi amelikumbatia. Ezekiel alikuwa amekwenda kununua maji.

Atupele hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa basi.

"Mama, unapanda au unashuka?" kondakta akauliza.

"Sipandi wala sishuki."

"Sasa unafanya nini?"

"Nimekaa."

Kondakta akabembeleza, dereva akapiga honi, abiria wakaanza kunung'unika kisha, kama kawaida ya Watanzania, wakaanza kuuliza kisa ni nini. Ezekiel aliporudi na chupa zake za maji alikuta nusu ya stendi imekusanyika. Akatabasamu, akasema shemeji yake ana msongo tangu afiwe. Atupele alimwambia Lucy tu, "Shuka, twende ukale." Lucy akaruka juu ya bega lake na kutoka, na Kosta ikaondoka na viti viwili vitupu.

Katika lile kundi alikuwepo Habiba, muuza vitenge na sare za shule, ambaye duka lake linatazamana na stendi. Babu yake alitoka Kilwa na biashara, akaoa, akabaki, na Habiba amezaliwa Kyela. Lakini ulimi wake ukiuweka kwenye mizani bado una chumvi ya pwani. Yeye na Atupele ni mashoga wa miaka mingi. Aliwaingiza dukani, akawapa chai, akangoja Lucy amalize andazi la pili, ndipo akasema:

"Shoga yangu, leo umekaa ngazini, gari halikuondoka na mtoto. Kesho je? Utakaa kwenye ngazi za magari yote ya Kyela?"

"Nifanyeje?"

"Huna karatasi. Yule hana karatasi pia, lakini ana suruali na ana ukoo. Nenda ustawi wa jamii ukaombe ulezi wa kisheria. Hakimu akikuandika, shule haitamtoa mtoto hata aje nani."

Atupele alikuwa hajawahi kusikia kwamba mtu anaweza kuandikwa kuwa mlezi wa mtoto anayemlisha kila siku. Ilimshangaza, na kidogo ilimuudhi. Lakini kesho yake alikwenda.

Afisa ustawi wa jamii alikuwa kijana mmoja aitwaye Kheri, mpole, mwenye mafaili hadi dirishani. Alimsikiliza mpaka mwisho, akazungumza na Lucy peke yake, akaja hadi nyumbani kuona mtoto analala wapi na anakula nini. Akawatafuta wachimbaji wa Chunya wanaomjua Lameck, mpaka Lameck mwenyewe akapiga simu, sauti imelegea, akasema, "Mtoto akae anapopataka. Mimi sijiwezi." Kheri aliyaandika yote. Kisha akasema kimebaki kitu kimoja: muhtasari wa kikao cha ukoo. Mahakama ingetaka kujua ukoo unasemaje, na hasa babu.

Kikao kikaitishwa Jumamosi uani kwa mzee Anyisile. Wanaume wakakaa kwenye mabenchi. Atupele akakaa jikoni, kwa sababu mkwewe alikuwa uani, na kwa sababu wali wa kikao haujipiki.

Hapa alifanya kosa, na ni kosa ambalo mtu wa mbali asingeweza kulifanya hata akitaka. Maneno yake alimpa Ezekiel ayapeleke. Ndiyo, Ezekiel huyo huyo. Utasema alikuwa na kichaa? Hebu fikiri. Tangu Ambwene afe, shemeji mkubwa ndiye mwenye haki ya kubeba neno la mjane. Kumpa mtu mwingine kungekuwa kumtangaza Ezekiel kuwa mwongo mbele ya baba yake, uani kwa baba yake, na yeye Atupele angeonekana mwanamke wa kugawa ndugu. Alijiambia kwamba mtu anaweza kugombana nawe stendi, lakini hawezi kupotosha neno la heshima. Akamwambia taratibu, mara mbili: "Waambie namtaka mtoto. Nitamsomesha. Naomba ukoo uniunge mkono."

"Nimekusikia, shemeji," Ezekiel akasema, na akaingia uani.

Mvua ya mwezi wa nne ikafunguka juu ya bati. Mvua ya Kyela ikipiga bati, hata mtu akiwa begani kwako humsikii. Atupele aliona vichwa vikitikisika kupitia upenyo wa mlango, akasikia makofi hafifu mwishoni, akamshukuru Mungu na kupakua wali. Akawapa vipande vya nyama vilivyo bora.

Wiki ikapita. Kheri akamwita ofisini. Alikuwa na karatasi mbele yake na hakutaka kumtazama.

"Mama Atupele, nikusomee?"

"Nisomee."

"'Mjane wa marehemu Ambwene amesema kwa kinywa cha shemeji yake kwamba kazi za shamba zimemzidi, na ameridhia mtoto apelekwe Mbeya kwa malezi bora. Ukoo umemshukuru kwa moyo wake.'" Chini yake kulikuwa na majina kumi na moja, na juu ya yote alama ya dole gumba la mzee Anyisile.

Wamemshukuru! Yale makofi aliyoyasikia yalikuwa ya kumshukuru kwa kumtoa mtoto. Atupele alitoka nje bila kuaga na akatembea mpaka dukani kwa Habiba akiwa haoni njia vizuri.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Habiba akasema baada ya kusikiliza.

"Nilikuwepo. Nilikuwa jikoni."

"Jikoni hakuandikwi muhtasari, mwaya."

Hakuwa anamsimanga, machozi yalikuwa yanamlenga Habiba mwenyewe. Akaeleza alichoambiwa na Kheri, aliyempigia simu mara Atupele alipotoka ofisini: shauri litakwenda mahakamani hata hivyo, hakimu atawaita wote, na muhtasari ule utasomwa. Ezekiel atakuwepo. Mzee atakuwepo. Atupele akitaka kuukana, itambidi aukane kwa mdomo wake, chumba kimoja na mkwewe.

Siku zile kumi kabla ya shauri zilimkondesha. Akinyamaza, Lucy atakwenda. Akisema, atamvunjia heshima mtu pekee wa ukoo ule aliyemsitiri. Na ikiwa mzee atakasirika na kuondoa mkono wake, Ezekiel ataanza tena kupima shamba kwa hatua, na safari hii hakuna atakayemzuia. Hapo basi atakuwa amempoteza mtoto, na shamba, na jina lake jema pia. Alikosea mara mbili kuhesabu siku za kuvundika kakao, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Siku ya nane Lucy alimkuta anapepeta mchele ambao ulikwisha kupepetwa.

"Mama mkubwa, kama haiwezekani uniambie mapema."

"Kwa nini mapema?"

"Nijizoeze."

Atupele aliweka ungo chini. Kitu cha moto kilimpanda kifuani, na kilikuwa hasira, hasira safi, kwamba mtoto wa miaka kumi na mitano amejifunza kujizoeza kuondolewa. "Nenda kasome," akamwambia. Mchele haukupepetwa tena.

Mashauri ya watoto husikilizwa chumbani, si kwenye ukumbi wa wazi, na chumba chenyewe kilikuwa kidogo: meza ya hakimu, mabenchi mawili, kabati. Hakimu alikuwa mama wa makamo kutoka Singida, hajamaliza mwaka Kyela. Mzee Anyisile aliketi benchi la mbele, koti jeusi, fimbo katikati ya magoti. Ezekiel alikuwa pembeni yake. Kheri na Lucy walikaa benchi la nyuma.

Atupele alipoitwa aliingia hatua mbili, akaona ncha ya fimbo, akajifunika kitenge kichwani na kugeukia ukuta.

"Mama, mahakama iko huku," hakimu akasema.

Atupele hakugeuka. Karani, mwenyeji wa hapa, akainama kumnong'oneza hakimu, na hakimu akasikiliza huku nyusi zikipanda taratibu.

"Basi," akasema. "Mila yenu naiheshimu, na huko kwetu tuna zetu. Lakini mimi naamua kwa ninachokisikia. Hapa imeandikwa kwamba umeridhia mtoto apelekwe Mbeya. Umeridhia?"

Feni ya juu ilikuwa ikikwaruza. Ulimi ulikuwa mzito kana kwamba si wake. Miaka ishirini na miwili si kitu unachokivua kama kiatu.

"Mheshimiwa," Ezekiel akainuka kwa upole wake wote, "huyu ni shemeji yangu. Nitamsemea mimi, kama kawaida yetu."

"Hapana."

Lilitoka dogo, likagonga ukuta. Kila mtu akamgeukia. Fimbo ya mzee ikatulia.

"Hapana," Atupele akarudia, akiuambia ukuta, na sasa sauti ilikuwa imepata miguu. "Nasema mwenyewe. Sikuridhia siku ile na siridhii leo. Nilisema namtaka mtoto, na nilisema mara mbili. Huyu mtoto alikuja kwangu mdomo umevimba. Mlango ukigongwa kwa nguvu anashtuka mpaka leo. Anapenda hesabu, hapendi maharage, mwezi wa kumi na moja ana mtihani wa taifa. Mbeya anapelekwa kuosha vyombo vya watu. Kama ukoo unaona mimi sifai, ukoo uniambie nisikie. Lakini usiniwekee maneno mdomoni." Akameza mate. "Na mzee wangu anisamehe. Sikusema kwa dharau. Nimeishiwa na mtu wa kunisemea."

Ezekiel alikuwa amesimama tena, na upole ulikuwa umemtoka.

"Mheshimiwa, umesikia mwenyewe! Anapaza sauti mbele ya baba mkwe! Kwetu hili ni jambo la aibu, mwanamke wa namna hii hana heshima na ukoo. Mtu asiyeheshimu ukoo atamleaje mtoto wa ukoo? Muulize mzee, muulize kama hakutukanwa sasa hivi!"

Haya, hapo ndipo palipokuwa pabaya. Atupele alifumba macho chini ya kitenge. Alijua Ezekiel amelipata jiwe lenyewe.

"Mzee Anyisile," hakimu akasema, "umetukanwa?"

Mzee alichukua muda kuinuka. Watu wa umri wake hawaharakishwi na swali.

"Mheshimiwa, ndaga fijo, asante sana, kwa kuniuliza. Mimi nina miaka themanini na moja. Macho yangu yana mtoto wa jicho, daktari anajua. Tangu nimeingia humu ndani sijamwona mwanamke yeyote ila wewe, na wewe nakuona kidogo."

Karani akakohoa ili asicheke.

"Ila masikio ni mazima. Nimesikia sauti. Uani kwangu niliambiwa kwamba mwenye sauti hii amemchoka mtoto, nikasikitika, nikaweka dole gumba, nikapiga na makofi. Leo sauti yenyewe inasema vingine. Nani alinidanganya, hilo ni la nyumbani, na nyumbani litamalizika." Hakumtazama Ezekiel, na Ezekiel akakaa chini mwenyewe. "Mtu aliyeweza kuninyamazia miaka ishirini na miwili kwa ajili ya heshima, siku akifungua mdomo ujue amebeba jambo zito, na ni la kweli. Sijatukanwa. Naomba dole langu kwenye karatasi ile lifutwe."

Atupele aliegemea ukuta. Alilia bila sauti, na wala hakuona haya kulia.

Hakimu akawatoa wote, akabaki na Lucy peke yake. Walichozungumza Atupele hakukijua, na mpaka leo hajauliza. Baada ya robo saa waliitwa kusikia amri, kila mtu akarudi alipokuwa mwanzo, Atupele na ukuta wake. Lucy atakuwa chini ya ulezi wa Atupele mpaka atimize miaka kumi na minane. Baba yake anaruhusiwa kumtembelea akiwa na akili zake timamu. Mtu yeyote asimtoe shuleni pasipo mlezi huyu kujua. Bwana Kheri atapita kuwaangalia. Karani akagonga mhuri, na ule mlio mdogo wa mhuri ukamfanya Atupele atikise kichwa: yaani kumbe ni hivi tu.

Ezekiel aliondoka wa kwanza, bila kuaga mtu.

Nje mvua ilikuwa imeanza, ile ya Kyela isiyo na manyunyu ya kutangulia. Bajaji zilitoweka. Mahakama ina kibaraza kimoja tu kifupi upande wa mbele, na mzee Anyisile alikuwa amekwisha kuketi hapo, akingoja mjukuu wa kumpeleka nyumbani. Atupele alitokeza mlangoni na karatasi yake kifuani, akaliona koti jeusi, akarudi nyuma ghafla mpaka akamkanyaga Lucy. Ndani karani alikuwa anafunga milango. Akaupima uwanja kwa macho. Basi, atatembea. Mvua haijawahi kuua mkulima wa mpunga. Akaanza kuikunja karatasi aifiche chini ya blauzi isilowe.

Mzee akainua kichwa. Hakugeuka.

"Lucy," akaita.

"Abee, babu."

"Njoo."

Lucy akaenda. Mzee alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na anajiinua, kipande kwa kipande, kutoka kwenye kiti.

"Mwambie mama yako akae hapa kibarazani. Asilowe, amechoka. Mimi nitakwenda pale kwa wachapa barua." Akanyoosha fimbo kuonyesha kibanda cha ng'ambo ya uwanja. Halafu akasema jambo ambalo wazee wa kwao hawalisemi. "Na mwambie nimeshukuru kuisikia sauti yake."

Akashuka ngazi. Mvua ikamvaa begani. Alivuka uwanja taratibu, mzee wa miaka themanini na moja, akipapasa madimbwi kwa fimbo, na hakuharakisha.

Atupele alikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu tu, na alikuwa amesikia kila neno. Lakini hakutoka. Alimngoja Lucy azunguke, afike, apanguse uso kwa mkono wa sare, aanze, "Babu anasema..." Akainama, akamtegea sikio, akamsikiliza mpaka mwisho.